Je, Wajua? Sonona ya Kike, Sonona ya Kiume

Ukitoka Malaba kwa matatu ya Busia, Adungosi utaipita upesi: soko, maduka ya mabati, bodaboda zikingoja abiria, halafu mashamba ya mihogo tena. Hapa, kama kwingineko Teso Kusini, mtu akianza kujifungia nyumbani, chakula hakimwendi na maneno yamemwisha, majirani huwa na majibu mawili tayari. Akiwa mama, watasema ni mambo ya ukoo, hata nyanya yake alikuwa hivyo. Akiwa baba, watasema ni pombe. Wataalamu wa jeni wameyachokonoa majibu haya mawili kwa zaidi ya miaka ishirini, na waliyoyapata yangewashangaza wote: anayelaumu ukoo na anayelaumu pombe.

Ugonjwa wenyewe ni sonona. Vijana huuita depresheni, wazee husema tu "ana mawazo mengi". Daktari huanza kuushuku pale huzuni, au kukosa raha ya jambo lolote, kunapodumu wiki 2 au zaidi na kuanza kuharibu usingizi, kazi na hamu ya kula. Shirika la Afya Duniani linasema unawapata wanawake karibu mara moja na nusu kuliko wanaume. Tafiti zinazohesabu maisha yote ya mtu, tangu utoto hadi uzee, mara nyingi hupata karibu mara mbili.

Apiyo na Odongo

Je, wajua kwamba swali la "ni ya ukoo au si ya ukoo?" lilianza kujibiwa na mapacha? Waluo wana majina yao maalumu, Opiyo au Apiyo kwa anayetangulia na Odongo au Adongo kwa anayefuata; jirani zao Waluhya humwita pacha Mukhwana. Mtafiti wa jeni hajali nani alitangulia. Anachotaka kujua ni kama walitoka kwenye yai moja au mayai mawili. Wa yai moja wana jeni zilezile. Wa mayai mawili wanashirikiana nusu tu, kama ndugu wowote wa baba na mama mmoja. Wote wamelelewa nyumba moja, wamekula chungu kimoja, wamechapwa na baba yuleyule. Kwa hiyo, ikiwa wa yai moja wanaugua pamoja mara nyingi kuliko wa mayai mawili, ziada hiyo inahesabiwa kuwa ya urithi.

Mwaka 2006 Kenneth Kendler wa Virginia, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha hesabu ya mapacha wa Sweden zaidi ya 42,000. Kwa wanawake, urithi ulieleza asilimia 42 ya tofauti kati ya wanaougua sonona na wasiougua. Kwa wanaume, asilimia 29.

Takwimu hii hupindishwa sana redioni, basi tuiweke sawa. Asilimia 42 haimaanishi kwamba binti wa mama mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 42 wa kuugua. Inahusu kundi zima: ukiwachukua wanawake wengi wa Sweden na kuuliza kwa nini huyu aliugua na yule hakuugua, chini kidogo ya nusu ya jibu iko kwenye jeni. Iliyobaki iko kwenye maisha yao. Na tafsiri hiyo ni ya Sweden, ambako kila mtoto anapata shule, chanjo na maziwa. Mahali ambapo maisha yanapishana zaidi, fungu la maisha kwenye hesabu linaweza kuwa kubwa zaidi.

Jambo la pili katika utafiti huohuo halitajwi mara nyingi, nami naliona kuwa ndilo kubwa. Jeni zinazomweka mwanamke hatarini na zile zinazomweka mwanamume hatarini zilionekana kuingiliana kwa sehemu kubwa, lakini si kikamilifu. Yaani kaka na dada wanaweza kurithi kitu kilekile kwa mama yao, kikamwelemea mmoja na mwingine kisimguse.

Mwanamume na kromosomu ya mama yake

Je, wajua kwamba Agosti 2025 ramani ya kwanza kubwa ya aina yake ilitoka Brisbane, Australia? Timu ya Jodi Thomas na Brittany Mitchell, katika taasisi ya QIMR Berghofer, ilikusanya jeni za wanawake 130,471 na wanaume 64,805 waliowahi kuugua sonona, ikazilinganisha na za watu karibu laki tatu wasiougua. Tafiti za awali zilikuwa zikiwachanganya wanawake na wanaume kwenye kapu moja. Hawa wakawatenganisha.

Kwa wanawake walipata sehemu 16 za jenomu zenye uhusiano wa wazi na ugonjwa, kwa wanaume 8. Wakakadiria pia kwamba kuna mabadiliko madogomadogo ya DNA kama 7,000 yanayohusika na sonona kwa jinsia zote mbili, na mengine kama 6,000 yanayohusika kwa wanawake peke yao. Kwa maneno mengine, mwanamke anabeba mzigo wote wa mwanamume, kisha anaongezewa wake.

Sasa kuna jambo dogo la kuchekesha ndani ya zile sehemu 8 za wanaume. Moja, ambayo haikuwa imejulikana kabla, imo kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu, naye huipata kwa mama. Baba humpa Y. Nyumbani kwetu mwana akipotoka husemwa ameiga damu ya upande wa baba. Hii mojawapo ya alama za sonona zilizopatikana kwa wanaume haiwezi kutoka kwa baba hata kidogo.

Mwanamke naye ana X mbili, na mwili wake hauzitumii zote sawasawa. Mary Lyon, mtaalamu wa Uingereza, alieleza mwaka 1961 kwamba katika kila seli X moja huzimwa. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya jeni za ile iliyozimwa hukataa kuzimika, takriban asilimia 15. Kwa miaka mingi tafiti za jenomu ziliiruka X kwa sababu hesabu zake ni ngumu, jambo ambalo kwa ugonjwa unaobagua jinsia ni sawa na kutafuta ufunguo kila mahali isipokuwa mfukoni.

Timu ya Brisbane iliona kitu kingine kinachostahili kusikika kwenye zahanati zetu. Jeni za sonona ya wanawake ziliingiliana zaidi na jeni za unene na za matatizo ya sukari na mafuta mwilini kuliko zile za wanaume. Watafiti wanadhani hili linasaidia kueleza kwa nini wanawake wenye sonona hubadilika uzito na kuishiwa nguvu mara nyingi zaidi. Huku kwetu mama akinenepa anapongezwa: ameolewa vizuri, mume anamtunza. Mwenye kukonda ndiye anayeulizwa kuna nini.

Jeni maarufu iliyoanguka

Mwaka 2003 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliodai kwamba jeni moja inayohusika na kusafirisha serotonini, kemikali ya ubongo, ikiwa ya umbo fupi, humfanya mtu avunjike haraka akipatwa na misukosuko. Ikaitwa jeni ya sonona. Mamia ya makala yakaandikwa juu yake. Mwaka 2019 Richard Border na wenzake wakaipima kwa data ya mamia ya maelfu ya watu, pamoja na jeni nyingine 17 zilizokuwa na sifa kama hiyo. Hazikufanya vizuri zaidi ya jeni zilizookotwa kwa bahati nasibu. Kila badiliko la DNA lina uzito mdogo mno. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana inahitajika damu au mate ya watu laki kadhaa ili kuona chochote.

Kwa nini China waliwachagua wanawake peke yao

Kabla ya hesabu hizo kubwa, kulikuwa na ujanja mmoja. Sonona ina sura nyingi, na ukichanganya sura nyingi jeni hazionekani. Kwa hiyo mradi wa CONVERGE, ulioongozwa na Jonathan Flint pamoja na yuleyule Kendler, ukaenda hospitali za China ukachukua wanawake tu, tena wale walioshambuliwa na ugonjwa zaidi ya mara moja: 5,303, dhidi ya 5,337 wasio wagonjwa. Mwaka 2015 wakatangaza sehemu mbili, zote kwenye kromosomu ya 10. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza unaosimama baada ya miaka ya kuambulia patupu, na ulipatikana kwa kuwaacha wanaume nje.

Miaka kumi na miwili

Je, wajua kwamba wavulana na wasichana wadogo wanaugua sonona karibu sawa? Pengo hufunguka kwenye umri wa kubalehe. Uchambuzi uliokusanya data kutoka zaidi ya nchi 90, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba kufikia miaka 12 wasichana tayari wameshawapita wavulana zaidi ya mara mbili, na kati ya 13 na 15 tofauti hufika kileleni, karibu mara tatu. Baadaye hushuka hadi karibu mara mbili na kukaa hapo.

Msomaji mwepesi atasema ni homoni, na hajakosea kabisa. Lakini umri wa miaka 12 kwa msichana wa mpakani ni mambo mengi kwa mpigo: matiti yanaota, hedhi inaanza, pedi hazipo, wanaume wazima wanaanza kumwita njiani, na swali la kama ataendelea na shule linaanza kujadiliwa bila yeye kuwepo. Jeni zake ni zilezile alizozaliwa nazo. Kilichobadilika ni kwamba mwili na mazingira vimeanza kuziuliza maswali mapya.

Uzazi nao ni wakati wa namna hiyo. Watafiti wa Sweden waliwalinganisha ndugu wa kike mwaka 2016 wakapata kwamba sonona ya kipindi cha ujauzito na baada ya kujifungua inategemea urithi kwa asilimia 44, ilhali sonona ya nyakati nyingine asilimia 32. Kwa hiyo mkunga anayemuuliza mjamzito "mama yako baada ya kujifungua alikuwaje?" anauliza swali la maana sana, na halimgharimu shilingi.

Vijiji vilevile, miaka tisa baadaye

Hapa ndipo nilipotaka tukae kidogo, maana jambo lenyewe halikutokea Sweden wala Brisbane. Lilitokea Maseno, kwenye barabara inayotoka Kisumu kuja Busia.

Mwaka 2004 Rachel Jenkins wa Uingereza na wenzake wa Kenya, akiwemo Dakta David Kiima aliyekuwa mkurugenzi wa afya ya akili katika wizara, walipeleka wahojaji nyumba kwa nyumba katika vijiji vya eneo hilo. Hawakungoja wagonjwa waje hospitalini. Walikaa na watu kwenye viti vya nyumbani mwao, wakawauliza kuhusu usingizi, uchovu, hofu, huzuni, mawazo ya kufa. Asilimia 10.8 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, yaani sonona, wasiwasi na jamaa zake. Na kati ya wanawake na wanaume hakukuwa na tofauti.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Dunia nzima inaimba kwamba wanawake huugua mara mbili, na Maseno ikajibu: kwetu ni sawa.

Mwaka 2013 wakarudi. Kiwango cha jumla hakikusogea, kilikuwa asilimia 10.3. Ungeangalia namba hiyo pekee ungefunga daftari ukaenda kunywa chai. Lakini ndani yake mambo yalikuwa yamepinduka: kwa wanaume kiwango kilikuwa kimeshuka, kwa wanawake kimepanda, na sasa wanawake walikuwa wamewaacha wanaume mbali. Lile pengo linaloitwa la asili lilikuwa limefunguka ndani ya miaka tisa.

Jeni za kijiji hazibadiliki kwa miaka tisa. Miaka tisa ile ilimtosha mtoto kumaliza darasa la nane na kidato cha kwanza tu, bila kurudia. Kama tofauti ya mke na mume ingekuwa imeandikwa kwenye DNA peke yake, ingekuwepo 2004 kama ilivyokuwepo 2013. Mimi sioni namna ya kuukwepa ushahidi huu. Haufuti kazi ya Brisbane. Unatuambia kwamba jeni za hatari zinaweza kukaa kimya kwa wanawake wa mahali fulani, kisha kitu katika maisha kikaziamsha.

Uchambuzi ule wa nchi 90 una mwiba wake pia: pengo la sonona lilikuwa kubwa zaidi katika nchi zenye usawa mkubwa zaidi wa kijinsia. Aliyetarajia kwamba haki za wanawake zingepunguza tofauti hiyo moja kwa moja ana kazi ya kufikiri upya.

Kinachomvunja mama na kinachomvunja baba

Kendler, mtu asiyechoka na mapacha, mwaka 2014 alirudi na Charles Gardner wakiwa na jozi 1,057 za pacha wa kike na wa kiume huko Virginia. Apiyo na Odongo kabisa: tumbo moja, nyumba moja, jinsia mbili. Wakapima visababishi 20 vya sonona, na 11 vikawagonga tofauti.

Upande wa wanawake vilivyouma zaidi vilikuwa vya mahusiano: kulelewa bila upendo wa wazazi, ndoa isiyo na raha, kuachika, kukosa watu wa kuwaegemea. Upande wa wanaume vilikuwa zaidi vya kushindwa katika yale ambayo mwanamume hupimwa kwayo, kama pesa, kazi na kesi. Pia utumiaji wa dawa za kulevya na kudhulumiwa kingono utotoni. Hilo la mwisho wengi hawalitegemei. Kwa wavulana lilihusiana na sonona ya ukubwani kwa nguvu zaidi kuliko kwa wasichana, na kwetu mvulana aliyedhulumiwa hana hata pa kulisemea.

Sasa leta orodha hiyo mpakani. Malaba kuna foleni za malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, na dereva anaweza kulala kwenye kebini yake usiku baada ya usiku akihesabu siku ambazo halipwi. Busia kuna akina mama wanaovusha nyanya, samaki na nafaka kwa biashara ya mtaji mdogo. Mzigo ukikamatwa, hasara ni ya pesa. Lakini kwa mama huyo hasara inaweza kufika kwenye chama alichokopa, kwa mume asiyetaka kusikia, kwa dada aliyemdhamini. Tukio moja, na linapita kwa mlango tofauti kutegemea limemkuta nani.

Chungu cha ajono

Je, wajua kuna jamii ambako wanawake na wanaume wameonekana kuugua sonona sawa kabisa? Janice Egeland aliwachunguza Waamish wa Pennsylvania, Wakristo wanaoishi kwa kilimo na farasi, kati ya 1976 na 1980. Kwao pombe ni mwiko na ugomvi ni mwiko. Wagonjwa wa sonona kali walipohesabiwa, wanaume walikuwa wengi kama wanawake. Tafsiri iliyotolewa ni kwamba mwanamume wa Kiamish akivunjika hana chupa ya kujificha nyuma yake, basi huzuni yake inaonekana kama ilivyo.

Kwa Wateso ajono ni kitu cha heshima. Pombe ya wimbi huwekwa kwenye chungu katikati, maji ya moto huongezwa, na watu hukaa duara kila mmoja na mrija wake mrefu. Hapo huamuliwa mahari, hapo husuluhishwa ugomvi wa mipaka ya shamba. Sina la kuisema vibaya. Tatizo ni mtu ambaye mrija wake hautoki chunguni tangu asubuhi, na hakuna anayemuuliza kwa sababu jibu tayari linajulikana: mlevi.

Chukua karatasi ya PHQ-9, ile inayotumika kwenye vituo vya afya, yenye tafsiri ya Kiswahili pia. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipata alama kuanzia 0 hadi 3. Inauliza kuhusu raha, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai kitu, kushindwa kumakinika, mwendo wa mwili kupungua au kuhangaika, na mwisho, mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukifika alama 10 unapelekwa mbele. Hakuna swali la hasira. Hakuna la pombe. Hakuna la kumpiga mke au kuendesha pikipiki kama anayetafuta kaburi. Mama akihojiwa kwa ukweli alama zake zinapanda. Baba anayejibu "niko sawa, nakunywa kidogo tu" anaondoka na sifuri.

Halafu kuna hesabu isiyodanganya. Mwaka 2019 duniani, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya kujiua 12.6 kwa kila wanaume 100,000, na 5.4 kwa wanawake. Jinsia inayosemekana kuugua kidogo ndiyo inayokufa zaidi. Nchini Kenya, hadi majuzi, aliyejaribu kujitoa uhai akaokolewa aliweza kushtakiwa chini ya Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu na kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Anayehitaji kuongea na mtu sasa hivi anaweza kupiga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Daktari aliyesema Waafrika hawasononeki

J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba sonona ni nadra sana kwetu, na akaeleza kwa mambo ya ubongo ambayo leo yanasomeka kama matusi. Hakujiuliza ni nani aliyeletwa Mathari. Aliyevunja vitu sokoni aliletwa na polisi. Mama aliyenyamaza jikoni hakuletwa na mtu.

John Orley, aliyeishi Uganda, alifanya kinyume. Alikwenda vijijini, na mwaka 1979 yeye na John Wing wakachapisha ulinganisho wa vijiji viwili vya Uganda na mtaa wa Camberwell, London, kwa dodoso lilelile. Sonona ilikuwa nyingi zaidi Uganda.

Mate ya Rarieda

Kati ya 2011 na 2013, huko Rarieda, Siaya, kaya maskini zilipewa pesa taslimu bila masharti kupitia shirika la GiveDirectly, na bahati nasibu ikaamua kama apokee mke au mume. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro hawakutosheka kuuliza watu wanajisikiaje; walichukua mate yao wakapima kotisoli, homoni inayopanda mwili ukiwa kwenye msukosuko. Waliopewa pesa walikuwa na furaha zaidi kwa ujumla. Kotisoli kwa jumla haikubadilika, ila ukichambua: ilikuwa chini zaidi pale pesa zilipoingia mkononi mwa mke kuliko mkononi mwa mume.

Kusini-magharibi mwa Uganda kulifanyika jaribio jingine, lililochapishwa 2003. Vijiji 30, nusu vikichangia wanaume na nusu wanawake, kila jinsia kwenye kikao chake na kiongozi wa jinsia yake, mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Hakuna dawa, watu walizungumza tu juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwanzoni asilimia 86 ya waliohudhuria walikuwa na sonona. Mwishoni, 6.5. Katika vijiji vya kulinganishia ilibaki zaidi ya nusu.

Damu ya Webuye

Na hili ni la majirani kabisa. Ukishika barabara kuu kutoka Malaba kwenda Eldoret utapita Webuye. Damu ya Waluhya wa Webuye imo katika Mradi wa Jenomu 1,000, uliokamilishwa mwaka 2015 kwa watu 2,504 kutoka makundi 26 ya dunia. Webuye walikuwa 99, na kwenye kompyuta za wanasayansi wanajulikana kwa herufi tatu, LWK. Maabara za Boston, Beijing na Brisbane hutumia herufi hizo kila siku kama kipimo cha jenomu ya Afrika Mashariki. Kila mchangiaji aliandikwa jinsia na jamii yake. Habari za magonjwa hazikukusanywa.

Segun Fatumo, Mnigeria aliyefanya kazi na kituo cha utafiti cha Entebbe, alihesabu pamoja na wenzake kwamba kufikia 2021 asilimia 86 ya waliochunguzwa jenomu duniani walikuwa wenye asili ya Ulaya, na Waafrika asilimia 1.1. Kwa sonona mambo yanasogea: hesabu kubwa iliyotoka Januari 2025 ilikuwa na wagonjwa 688,808 kutoka nchi 29, na robo hivi ya washiriki hawakuwa wa asili ya Ulaya. Lakini ile ramani ya Brisbane iliyotenganisha wanawake na wanaume, zile 16 na zile 8, ni ya watu wa asili ya Ulaya. Alama za hatari zinazokokotolewa kwa data ya namna hiyo zimeshapimwa kwa Waafrika katika sifa nyingine za mwili, na mwaka 2019 Alicia Martin na wenzake walionyesha kwamba usahihi wake hushuka karibu mara 4.5. Kwa hiyo mtu akikuuzia kwenye intaneti kipimo cha mate kinachodai kusoma hatari yako ya sonona, uwe mke au mume wa Adungosi, hiyo pesa inatosha nauli ya kwenda na kurudi Busia kumwona daktari, na itabaki ya chai.